Betri Iliyoota Moto Samuye

Maige wa Samuye aliamini kwamba kila chenye nguvu hupenda joto. Mawe ya redio yakichoka aliyaanika juani kando ya michembe ya viazi, nayo yakaimba tena kidogo. Basi mwaka wa tisini na nne alipopata betri ya lori, akaipa heshima yake: akaiweka jikoni, ubavu mmoja kwenye mafiga, ubavu wa pili kwenye ukuta wa baridi.

"Baba Apolonia, inachemka upande mmoja," mkewe Nyamizi alisema. "Hata michembe tunaigeuza."

"Wewe songa ugali. Umeme niachie."

Ubaya ni kwamba betri ilimtii. Asubuhi za kipupwe, za wenzake zikijikokota, ya Maige ilipiga spika hadi ng'ombe wakageuza masikio. Akavimba kichwa. Apolonia alipochumbiwa, akatangaza kwamba mpiga ngoma Marcel abaki kwake. Harusi ya binti yake haitachezwa kishamba, itachezwa kwa betri.

Wiki ya harusi akaifunga kwenye baiskeli, akaipeleka Isaka kuchaji. Fundi Pantaleo akafungua vifuniko, akachungulia, akaguna.

"Shikamoo tena, mzee. Hii huwa inaota moto?"

"Kwani kuna ubaya?"

"Vyumba vitatu vya maji vya upande huu vimekauka, vimezeeka. Vya kule bado vijana. Umefunga maksai wazee na vijana nira moja. Mzee akilala, plau inasimama."

"Tia maji, chaji. Nimelima kabla hujazaliwa."

Siku ikafika. Wakwe walipoingia uani, spika ikaimba wimbo mmoja, ikavuta sauti kama mlevi anayesali, ikanyamaza. Wakwe wakatazamana. Maige akaipiga betri makofi, akaipapasa kama mgonjwa.

"Tuirudishe jikoni kidogo?" Nyamizi akamnong'oneza, uso mkavu.

Maige akachomoa waya. "Mwite Marcel."

Marcel alifika upesi mno kwa mtu ambaye hakualikwa. Akaomba moto wa kukaza ngozi ya ngoma, na Nyamizi akampeleka palepale ilipokuwa ikikaa betri. Akaishika ngoma juu ya makaa, akaizungusha taratibu, kila upande kwa zamu yake.

"Ngosha, mwanamume mwenzangu, ukiiacha upande mmoja tu, inaharibika yote," alimweleza Maige, kama amfundishaye mgeni.

"Najua," Maige alisema.