Vitufe Vinne vya Kijivu

Shemeji yake, kaka wa mkewe, ndiye aliyembandika jina la Bado Kidogo, na jina likamganda hata mkewe akawa analitumia siku za hasira. Hakuonewa. Mtu huyu alikuwa fundi wa tovuti anayejitegemea, hana bosi wala kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, na ukimuuliza habari za tovuti zake mwenyewe, zile anazozitengeneza kwa mapenzi yake na si za wateja, jibu lilikuwa lile lile. Ile ya kuonyesha duka gani la dawa liko wazi siku za mapumziko: bado kidogo. Ile ya wazazi kuazimana vitabu vya shule: bado kidogo. Ile ya kutunza mapishi ya mama mkwe nayo ilikuwa bado kidogo, na mama mkwe alishaacha kuiulizia, anapika kwa kukumbuka kama zamani.

Usidhani ni mvivu. Heri angekuwa mvivu, angalau angelala. Mchana kutwa anahangaika na tovuti za watu: mwenye duka la mapazia anataka picha zake zicheze, mwenye nyumba za kupanga anataka namba yake ya simu ionekane kubwa kuliko nyumba zenyewe. Hao ndio wanaomlisha. Jioni, mgongo umekufa ganzi na macho yanawasha, ndipo anajivuta hadi kwenye kimeza chake pale kona ya sebule, kati ya kabati la vyombo na baiskeli ya mtoto, aanze za kwake. Na kinachoudhi ni hiki: hamalizii. Anafungua alichoandika mwezi uliopita, anakitazama, anakunja uso kama aliyeonja chai iliyopoa, anafuta, anaanza upya. Mafundi wenzake wengi wana ugonjwa huo, ila kwake ulikuwa umekolea.

Sasa ugonjwa huo ukakutana na jambo lisilosubiri.

Baba yake alikuwa mnadi. Miaka nenda miaka rudi alisimama juu ya kreti mnadani akiuza makabati, baiskeli na vitanda vya watu waliohama, na hakuwahi kushika kipaza sauti; ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kipaza. Akipiga chafya nyumbani, jirani wa nyumba ya tatu anamwambia pole. Ndilo koo hilo hilo daktari alilolimulika, akasema uvimbe umekaa pabaya. Zoloto lote litaondolewa, pale sauti inapotoka. Mzee atapona, lakini hatasema tena. Operesheni ikapangiwa tarehe, majuma kadhaa mbele.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama hilo zoloto watampa aondoke nalo, akalipigie mnada, maana limetumika sana lakini bado linalia. Daktari hakujua acheke au asicheke. Dada mkubwa, ambaye mzee aliishi kwake, alitoka akaangua kilio kwenye korido. Bado Kidogo hakulia. Alipiga moyo konde akatoa ahadi: atamtengenezea baba ukurasa kwenye tableti, mzee abonyeze kitufe na sauti itoke. Si sauti ya mashine, yake mwenyewe. Maji. Fungeni mlango. Mjukuu wangu, njoo. Maneno yote ya kila siku watayarekodi kabla ya siku ya kisu.

Na alianza kweli, tena mbio. Jumamosi ile ile alifika kwa dada na toleo la kwanza: ukurasa mweupe, vitufe vinne vya kijivu, sura mbaya hata kuitazama. Akaufungua kwenye tableti ya dada, akamwambia baba aseme lolote, ni jaribio tu. Kitufe cha kwanza, mzee akasema, "Wewe, hiki kidude kinanisikia?" Cha pili, "Sasa niseme nini?" Cha tatu alijisahau kabisa, akasimama, akainadi meza ya dada: "Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, imekwenda!" Watoto wa dada nusura wavunjike mbavu. Kwenye cha nne mzee alikuwa anamtazama mwanawe alivyojiinamia na macho yake mekundu, akasema polepole, "Basi mwanangu, umechoka. Kapumzike." Mwana akamjibu bila kuinua kichwa, kisha akazima.

Walibonyeza kile cha mnada, kikanadi. Mzee akafurahi, akavuta kiti karibu, akasafisha koo, akasema haya, tuingize sasa maneno yenyewe.

"Bado kidogo, Baba," akasema yule. "Hili ni jaribio. Acha nikutengenezee kitu cha maana."

Jamani. Mzee amekaa kitini, sauti ipo, kidude kinafanya kazi, na mtu anasema bado kidogo. Dada alishauri basi wamrekodi hata kwa simu, mambo yaishe. Akaambiwa sauti ya simu itakuwa chafu, itabidi kurudia, na ya nini kufanya kazi mara mbili. Dada akamwangalia, akaenda kuosha vyombo.

Toleo la pili lilikuwa na rangi. La tatu lilijipanga lenyewe, neno linalotumika sana linapanda juu. Kisha akasikia kuna namna mpya ya kuandika kurasa za aina hiyo, akafuta yote akaanza mwanzo. Katikati ya hapo mwenye mapazia akaja juu, picha zimegoma kucheza, wiki nzima ikaliwa. Jumapili moja aliimalizia kwenye neno la siri la kuingilia, mpaka mkewe akasimama nyuma yake na kikombe mkononi, akamuuliza ni mwizi gani huyo atakayekuja kumwibia mzee neno maji. Alijua mkewe kasema kweli. Lakini alikuwa amechoka ule uchovu ambao kuendelea ni rahisi kuliko kusimama, akaendelea.

Baba alikuwa anapiga simu. Kila akipiga, sauti imekwaruza zaidi, na anauliza lini. Anaambiwa Jumamosi ijayo. Jumamosi ikifika, unajua mwenyewe. Na tusimsingizie kwamba ni rangi na vitufe peke yake. Alikuwa anaogopa. Siku atakayokaa na baba yake wakarekodi asante na kwaherini, siku hiyo itabidi akubali kwamba sauti ile inakwisha. Maadamu ukurasa haujakamilika, siku hiyo ilikuwa mbali.

Ikafika bila kumuuliza. Asubuhi moja, tarehe ya operesheni bado iko mbele, alikuwa amepiga magoti chini ya kaunta ya duka la mapazia akitafuta waya uliochomoka, dada akapiga simu. Koo la baba lilikuwa limevimba alfajiri, pumzi zikambana, wakamkimbiza hospitali, na madaktari wakamtoboa shingo ili apumue. Kisu chenyewe ni leo hii. Alikwenda mbio na laptop begani. Akamkuta mzee kitandani, mrija shingoni, na mzee akafungua mdomo kumsalimia, ikatoka hewa tupu. Mwana alisimama pale na begi lake kama mtu aliyekosea nyumba.

Mzee alipona, kama alivyosema daktari. Na Bado Kidogo akamaliza ukurasa, wa kwanza kuumaliza maishani mwake. Rangi tulivu, vitufe vinajipanga, mtandao ukikatika unaendelea kufanya kazi. Ila ulikuwa bubu. Kwa kukosa la kufanya akaujaza sauti yake mwenyewe, akauweka kwenye tableti mpya, akaupeleka kwa dada. Mzee akabonyeza maji, akamsikia mwanawe anaomba maji. Akabonyeza tena. Halafu akatikisa kichwa, akairudisha tableti taratibu, akamwashiria dada amletee ile tableti ya dada ya siku zote.

Kumbe lile toleo la kwanza lilikuwa bado limo, hakuna aliyelifuta, na mzee alikuwa akiishi nalo tangu atoke hospitali. Chakula kikichelewa, tableti inasema kwa sauti yake, "Wewe, hiki kidude kinanisikia?" Wageni wakimpa pole nyingi mno, anawabonyezea, "Sasa niseme nini?" Akimaliza uji anaupigia mnada mpaka imekwenda, nyumba nzima inacheka. Bado Kidogo naye alicheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Maneno yote aliyokuwa nayo baba yake duniani yalikuwa yale ya majaribio.

Akasogeza kiti.

"Baba, ulikuwa tayari siku ile. Ulikaa ukaniambia tuanze. Sauti yako nimeipoteza mimi."

Mzee aliivuta tableti karibu. Akashusha kidole kwenye kitufe cha nne, kile ambacho mwana hakuwahi kukisikiliza.

"Basi mwanangu, umechoka. Kapumzike."

Na kwa kuwa siku ile alichelewa kuzima, ikafuata sauti nyingine, ya mtu asiye na nafasi ya kuinua kichwa: "Bado kidogo, Baba."

Dada akasema kwa sauti ya chini kwamba hicho ndicho mzee anachokibonyeza kila jioni, baada ya watoto kwenda kuoga, na akimaliza anakibonyeza tena. Bado Kidogo alisikia uso unawaka kwa aibu. Akafungua laptop harakaharaka, akasema atalikata hilo jibu lake sasa hivi, ni kazi ya dakika moja, ibaki sauti ya baba peke yake.

Mzee akaweka kiganja juu ya vidole vyake, akavizuia. Kwa mkono mwingine akabonyeza tena.

"Basi mwanangu, umechoka. Kapumzike."

"Haya, Baba," akasema, kabla tableti haijamjibia.

Akafunga laptop, akavua viatu, akajinyoosha kwenye kochi la dada karibu na miguu ya baba yake, akalala.