Programu Iliyomruka Mzee Ambokile

Jamani, leo nimemfuta mtu na sasa naogopa kupokea simu.

Hapa Kisondela tuna chama cha kuzikana. Jina lako lisipokuwa kwenye orodha, wenzako hawaji kukuchimbia kaburi.

Mimi nikajifanya fundi. Nikaandika programu ya Java isome faili la majina mstari kwa mstari na kuyaandika kwenye faili jipya. Nikachapisha bila kuhakiki (ndiyo, nitukaneni).

Baada ya ibada mwenyekiti wa chama akaisoma orodha hiyo mpya mbele ya watu. Watu wakaanza kutazamana.

Programu ilikuwa inasoma mstari mmoja kuangalia kama faili limeisha, inautupa, halafu inaandika unaofuata. Nusu ya majina hayapo!

Mzee Ambokile, mwanzilishi wa chama, jina la kwanza kabisa, akanifuata na fimbo yake.

"Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Hawa wote nimewachimbia wazazi wao. Mimi nani atanichimbia?"

Akaondoka na mvua ile. Mwavuli wangu aliukataa.

Nimesharekebisha, yupo tena mstari wa kwanza.

Lakini mwenyekiti anapiga mara ya tatu sasa, na huwa ananipigia kukiwa na msiba tu.

Nipokee?