Mwezi Nilioulia Yamini

Jirani yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Usagara ni Mwislamu mwenzetu wa asili ya Kihindi. Aliishi Uskoti miaka mingi kabla hajarudi kushika duka la baba yake. Huko aliupenda mchezo wa gofu, na mchezaji mmoja hasa: Mskoti, mtoto wa mkata nyasi wa uwanjani, aliyeanza kwa fimbo ya kuazima akaja kushinda mashindano makubwa karibu kila bara.

"Shikamoo, maalim," aliniita siku moja baada ya Alasiri. "Kaa. Wanacheza Uarabuni, na mtu wangu anaongoza. Umri ule, bado vijana anawatoa jasho!"

Nilikaa mbele ya runinga yake kwa ajili ya chai. Mtu mzima kufukuza kijipira nyasini niliona ni upuuzi, na sikumficha.

Mskoti alikuwa mbele kwa pigo moja, maana kwenye gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Mpira ukalala kwenye nyasi ndefu. Akainama, akasita, kisha akamwita mwamuzi. Jirani akajishika kichwa.

"Kajishitaki! Anasema amegusa nyasi, mpira ukasogea. Anaongezewa pigo."

"Nani kaona?"

"Hakuna, maalim. Hata kwenye picha hauonekani ukisogea. Kaona yeye tu."

Akaongeza pigo jingine mwishoni, akashindwa kwa moja. Jirani akasema ndivyo alivyo tangu ujana, na mataji mengine yalimpita hivyo hivyo. Nikaweka kikombe chini, chai haijaisha. Mtu ambaye sijui kama anaswali, na hakuna aliyemwapisha!

Maana miaka mitatu nyuma, jioni ya mwezi ishirini na tisa Ramadhani, nilisimama msikitini nikaapa kwamba nimeuona mwezi umeandama. Kulikuwa na mawingu. Niliona weupe mwembamba, nikautaka uwe mwezi. Mke wangu alikuwa mgonjwa lakini akifunga, hataki kusikia ruhusa ya mgonjwa kula; nilitaka siku ziishe. Mzee niliyesimama naye akaufuata ulimi wangu, akasema naye ameuona. Mashahidi wakatimia, tukala Idi. Wenzetu mpaka Horohoro walifunga siku ya thelathini, na watu wetu wakayasifu macho yangu. Swaumu moja ilikuwa shingoni mwa msikiti mzima, nami nikanyamaza.

Ijumaa, baada ya swala, nilimwomba imamu nafasi. Nikasema yote.

Imamu nimemfundisha mimi juzuu ya kwanza. Alinitazama kama mgeni.

"Maalim, uliapa."

"Niliapa."

Akawageukia watu, akawaambia kila aliyekula siku ile ailipe kwa kufunga siku moja.

"Na mie nilipiga sahani tatu za pilau!" jirani akasema kutoka safu ya nyuma. Wachache walicheka. Yule mzee mwenzangu alichukua kandambili zake, akatoka bila kunitazama.

Nyumbani mke wangu alisikiliza mpaka mwisho.

"Homa yote ile, bwana, halafu ukaniharibia siku ya mwisho?"

Jumatatu tulifunga pamoja. Hakunisemesha mpaka Magharibi, ndipo akaisogeza sahani ya tende upande wangu.

Ramadhani iliyofuata walichaguliwa watu watatu kuutazama mwezi. Sikuitwa. Nilikaa ndani kusubiri habari, kama watu wengine, na nikamshukuru Mola wangu.