Niliwaandikia wazazi wa Fizi na Baraka kwamba shuleni watapewa amerikani

Wakuu, hamjambo nyote, wa ziwani na wa mlimani.

Tangu juzi nasoma mabishano yenu juu ya baga. Mmoja anasema bila jibini si baga. Mwingine wa Uvira anataka pilipili mpaka atoke jasho. Mwingine anaweka yai na ndizi ya kukaanga juu ya nyama, na anatukanwa kwa hilo.

Mjukuu wangu ndiye aliyenifungulia huu uzi. Mimi ni mzee, simu naibonyeza kwa kidole kimoja, nivumilieni. Haya yalinipata mimi mwenyewe. Pale nisipokumbuka vizuri, nitasema sikumbuki.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mjini Baraka, kando ya ziwa. Wiki nzima sikupata usingizi kwa swali moja: mkate wa juu niuweke au nisiuweke?

Najua mnacheka. Ngojeni.

Nilikuwa nimetoka tu kumaliza shule ya ualimu, nina diploma ndani ya bahasha na pea moja ya viatu. Nikapewa kufundisha kwenye shule changa pale Baraka. Watoto wa mjini walilala kwao, wale wa Fizi kule juu walilala bwenini. Mkuu wa shule alikuwa Mbelgiji, tukimwita Bwana Direkta.

Mwisho wa mwaka Bwana Direkta akataka karamu ya wazazi. Alikuwa na mashine ya kusaga nyama, ile ya chuma yenye mkono wa kuzungusha, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa bila yeye. Akanionyesha chakula anachokitaka.

Alichukua nyama ya ng'ombe iliyosagwa, mbichi. Akatia kiini cha yai, kitunguu na chumvi. Akapaka kwenye mkate, akala mbele yangu, akaniambia kwao kinaitwa amerikeni.

Nilimwomba angalau kwa wazazi tuifinyange na kuikaanga. Akakubali. Jina likabaki lile lile.

Sasa niwaeleze kwa nini niliogopa.

Siku zile watu walikuwa na hofu ya mutumbula. Mutumbula ni mtu anayekamata wenzake na kuwapeleka kwa wazungu wakageuzwe nyama ya makopo. Nani mutumbula, hakuna aliyejua, lakini kila mtu alijua anafanana na nani. Anavaa viatu. Anaongea Kifaransa. Amekuja peke yake, hana mke, na anaingia nyumbani kwa mzungu bila kubisha hodi.

Yaani mimi.

Mwenzangu aliyefundisha upande wa Misisi alishukiwa hivyo hivyo. Alikimbia na kuacha hadi koti lake ukutani. Nilikuwa nikiliwaza lile koti kila nikivaa la kwangu.

Kwa hiyo nikaamua chakula kisiwe na kasoro hata moja. Nikamwendea Mama Mwajuma, mwoka mikate wa mjini, na nyama kidogo aliyonisagia Bwana Direkta, tukajaribu.

Mama Mwajuma hakuwa na shaka yoyote. "Weka kitunguu, kamua ndimu, tia pilipili kidogo, funika na mukate. Basi. Iko kazi gani ya kuwaza siku tatu?"

"Na nisipofunika, Mama?"

"Usipofunika, bantu batasema shule haina adabu. Chakula ya mugeni inafunikwa, mwalimu. Bamama yako hawakukufundisha?"

Kaka yake, mwenye mtumbwi wa kwenda Kazimia, akapita, akaonja, akaomba ndagala za kukaanga, wale dagaa wa ziwani, aziweke juu ya nyama. Mama Mwajuma akamtazama. "We na Kazimia yenu, hata chai mutatia ndagala."

Mimi binafsi, kama mnataka maoni yangu, kitunguu kibichi na ndimu vinatosha. Ndagala juu ya ng'ombe ni vita.

Siku hiyo hiyo alikuwa ameshuka kutoka Fizi Baba Wilondja, mzazi wa mmoja wa wanafunzi, kumletea mwanawe ndizi. Nikampa naye aonje. Akaushika ule mkate, akaufunua, akainusa nyama, akaufunika, akanirudishia bila kuuma.

"Kule kwetu Fizi," akasema, "muntu akikupa nyama anakuachia mufupa, ao kipande ya ngozi, ujue umekula nyama gani. Hii yenu imesagwa, haina mufupa, kisha munaifunika tena. Munaficha nini?"

"Sifichi kitu, Baba."

"Sijasema weye. Nimesema mukate."

Mnaona sasa? Nikifunika, wa Fizi wanaondoka na watoto wao. Nikiacha wazi, wa Baraka wanaona nimewadharau. Nilifikiri kufunika nusu. Nilifikiri kukata mkate wa juu tundu katikati. Nilichora hadi picha kwenye daftari.

Katikati ya mawazo hayo Bwana Direkta aliniagiza niandike barua za mwaliko. Hizo niliziandika mchana mmoja, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, bila kuwaza hata kidogo. Watoto wakazipeleka makwao wakati wa mapumziko ya mwisho wa juma, wakawasomea wazazi kwa sauti, kisha wakarudi shuleni.

Siku ya karamu ikafika. Ng'ombe alichinjwa alfajiri na mchinjaji Mwislamu wa mjini, ili kila mtu aweze kula. Nyama ikaingia jikoni kwa Bwana Direkta. Akaamuru mlango ufungwe kwa sababu ya nzi, wapishi wakaanza kusaga. Ile mashine ilikuwa inalia, chuma juu ya chuma, unaisikia mpaka barabarani. Watoto wote alikuwa amewapeleka ziwani mwalimu mwingine wa shule, wakaoge wapendeze.

Wazazi wakaanza kuingia uani.

Akina mama wa Baraka walikuja wachangamfu, kila mmoja na kikapu kitupu. Sikuelewa vikapu ni vya nini.

Wa Fizi walikuja kimya. Wengine walikuwa wamejifunga vitambaa kichwani na macho yao yamevimba. Nikajiambia ni uchovu wa njia. Walisimama mbali na meza, wakiusikiliza ule mlango.

Baba Wilondja akanifuata.

"Mwalimu, batoto bako wapi?"

"Wamekwenda kuoga ziwani, Baba."

"Bote?"

"Wote."

"Na ile inalia ndani ni nini?"

"Mashine."

"Mashine ya nini?"

Wakuu, nilikuwa na majibu mengi. Nikatoa lile baya kuliko yote. Nikasema, "Ya nyama."

 Mwanamke mmoja wa Fizi akakaa chini palepale. Nikaona mwanamume mmoja akiinama na kuinuka na jiwe. Hakulirusha. Alilishika tu, kama mtu anayepima uzito wake.

Mama Mwajuma akapenya katikati yao akiwa na kikapu chake mkononi. "Mwalimu, bamama banauliza, ile amerikani iko wapi? Na ni mita ngapi kila muntu?"

Hapo ndipo nilipoikumbuka barua yangu.

Kwa vijana msiojua: amerikani ni kile kitambaa cheupe cha pamba. Siku zile kilikuwa ndicho kitambaa cha kila kitu. Tulishonea kaptula za shule. Na ndicho tulichozikia watu.

Mzungu alisema amerikeni, sikio langu likasikia amerikani, mkono wangu ukaandika hivyo. "Wazazi wote njooni shuleni, mtapewa amerikani." Wa Baraka wakasoma kitambaa cha bure, wakabeba vikapu. Wa Fizi, watoto wakiwa wamekwisha kurudi bwenini, wakaanza kuliwaza lile neno, wakasoma sanda. Shule inagawa sanda kwa kila mzazi, watoto hawaonekani, na nyuma ya mlango uliofungwa kuna mashine inasaga.

Nilisimama pale nikifikiri. Nieleze neno? Nani angemwamini mwenye viatu. Niwangoje watoto warudi? Lile jiwe lisingengoja. Nikimbie kupitia shamba la mihogo? Nilipima hadi umbali. Nikaliona koti la mwenzangu ukutani, na hakuna mtu ndani yake, na watu wakisema, mmeona, alikuwa yeye.

Sikukimbia.

Nikausukuma mlango wa jikoni mpaka mwisho, nikawaambia wapishi tubebe meza pamoja na mashine yake, tuiweke katikati ya uani. Bwana Direkta akatoka, uso mwekundu. "Nani amekuruhusu?"

"Hakuna, Bwana," nikamjibu, nikarudi ndani.

Nikatoka na kichwa cha ng'ombe mikononi, damu ikinichuruzika kwenye shati. Nikakiweka mezani. Nikarudi kuchukua ngozi. Nikarudi kuchukua kwato, zote nne, nikazipanga kwa mstari.

Baba Wilondja akasogea. Akashika sikio la ng'ombe, akalipindua.

"Hii iko ngombe."

"Ni ng'ombe, Baba. Tafadhali, saga wewe."

Akafuta damu kiganjani. Kisha akashika mkono wa mashine. Mimi nikawa nakata vipande, yeye anazungusha, Mama Mwajuma amekwisha kuweka kikaango motoni bila kuambiwa. Cha kwanza nilikula mimi, mbele ya wote, wazi, bila kitunguu wala ndimu. Sikusikia ladha yoyote.

Nilikuwa bado natafuna watoto walipopanda kutoka ziwani, nywele zinadondosha maji. Sitaandika jinsi wale mama walivyowapokea. Nikijaribu, siandiki vizuri.

Jiwe lilidondoka, nililisikia.

"Yangu usifunike," akasema Baba Wilondja.

"Yangu funika," akasema Mama Mwajuma. "Na weye usiandike barua tena bila kuniuliza."

Nilichojifunza ni hiki. Ukiwa mtu wa kuwaza sana kama mimi, usidhani woga wako unajua hatari iko wapi. Mimi nililinda mkate wiki nzima, na hatari niliiandika mwenyewe nikiwa nimetulia kabisa.

Nanyi semeni, wakuu. Huko kwenu mgeni akipewa nyama iliyosagwa, mnamwonyeshaje kuwa ni nyama gani? Nitasoma yote, polepole.