Mama Nanihii na Cheti cha Ukutani

Siku ya kwanza niliona miguu yake tu. Kichwa na mikono vilikuwa chini ya meza ya cherehani, na kandambili moja ilikuwa imemtoka. Nilikuja kuomba kazi, nikasimama mlangoni nikitafuta pa kuanzia, maana kuongea na watu hunitoa jasho.

"Nipe nanihii," ikasema sauti chini ya meza.

Mkono ukachungulia nje, vidole vikizunguka hewani. Nikaupa bisibisi ndogo. Mkono ukarudi ndani.

"Kesho uwahi."

Ndivyo nilivyoajiriwa na Mama Nanihii, fundi wa cherehani. Kwake bisibisi ilikuwa nanihii, na tupa, na kopo la mafuta, na mkwe wake. Na mimi pia. Tofauti niliisoma mkononi: vidole vikizunguka, bisibisi, vikifinya, koleo, kiganja kikiwa wazi, kitambaa. Akikunja ngumi, nanihii ni mteja aliyemkera, nikae kimya.

Si kwamba kichwa chake kilikuwa kitupu. Kilijaa mno. Alijua kuwa pweza ana mioyo mitatu na konokono ana meno maelfu. Mteja mmoja mnene aliambiwa, "Twiga ana mifupa saba shingoni, baba, sawa na wewe. Yako sijui umeificha wapi." Nadhani majina ya vifaa yalikosa pa kukaa.

"Nyie wawili mnaelewanaje?" aliuliza mshona viatu wa jirani.

"Huyu haongei, mimi sitaji," akajibu. "Tugombane kwa lugha gani?"

Mwaka wangu wa kumi na moja kazini kwake, ofisi ya mji ikatangaza kwamba chumba cha ufundi kisicho na fundi mwenye cheti kitafungwa. Chumba kile alikuwa nacho tangu binti yake anatambaa. Mkaguzi akaja na faili, akapanga vifaa kumi na viwili mezani.

"Hiki kinaitwaje, mama?"

"Hicho? Si nanihii hiyo!"

"Na hiki?"

"Nanihii ya kuchongea nanihii."

"Mama, unanitania?"

"Nikutanie una nini? Lete cherehani mbovu uone."

"Fomu haitaki cherehani. Inataka majina."

Alipomaliza, karatasi ilikuwa na sifuri kumi na mbili. Mkaguzi akafunga faili na kuulizia kufuli. Hapo sauti ikaanza kutaja: bisibisi, koleo, tupa, hadi cha mwisho. Ilikuwa yangu. Miaka yote nilikuwa nikiyasema kimoyomoyo kila nilipompa kifaa.

Cheti kikaja kwa jina langu. Chumba kikabaki wazi, lakini Mama Nanihii alininunia siku tatu.

"Mama, ukitaka kwenda chooni uombe ruhusa kwa mwenye cheti!" alipiga kelele mshona viatu.

Mama Nanihii akatundika kalenda ukutani, ikakifunika cheti. Mwaka ulipoisha, akatundika nyingine juu ya ile. Funguo alilala nazo, na jioni alinitoa nje kwanza ndipo afunge, kama mtu anayeogopa kuamka akute kufuli si lake. Nilitaka kumwambia kwamba sikuitaka nafasi yake. Kila siku nilipanga maneno, nikaishia, "Haya, Mama, kesho."

Miaka sita baadaye macho yake yakagoma, hata kutunga uzi kwenye sindano akashindwa. Binti yake akaja kumchukua akaishi naye, mbali. Gari likipiga honi nje, akatoa kalenda zote sita, akakishusha cheti, akafuta kioo kwa upindo wa gauni. Akakisogeza hadi puani na kukisoma herufi kwa herufi. Akakirudisha msumarini, akakinyoosha.

Mimi maneno yangu yalikuwa tayari, nikafungua mdomo. Kikatoka kikohozi.

Akanitia funguo mkononi, akanivuta hadi mlangoni, akausukuma ule mlango kwa bega, mkono ukiwa kwenye komeo.

"Usiubamize, utakusumbua. Inyanyue kwanza hii nanihii, ndipo ufunge."