Makangaga Kumi na Moja ya Kileleni

Kazini walimwita Bi Sindano. Jina lenyewe hakulipenda wala hakulichukia, alilizoea kama mtu anavyozoea kovu. Lilitokana na kazi yake. Mmea ukishabanwa na kukaushwa hubandikwa kwa gundi kwenye karatasi ngumu, lakini shina nene halishikwi na gundi, lazima lishonwe kwa sindano na uzi. Katika jumba lile la mimea mikavu, lenye kabati za chuma kuanzia sakafuni hadi darini na harufu ya dawa ya nondo isiyotoka nguoni hata ufue mara ngapi, hakuna aliyeshona kama yeye.

Aliingia pale mfagiaji, msichana wa miaka kumi na tisa. Aliyemtoa kwenye ufagio ni mkuu wa idara wa wakati ule, ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Mwalimu. Siku moja alimkuta amechuchumaa juu ya majani yaliyomwagika, anayapanga badala ya kuyazoa.

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna mtu. Ila haya yana meno pembeni, na haya hayana."

Mwalimu alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Wiki iliyofuata alimpa meza na lenzi ya kukuzia, na kwa kuwa msichana alikuwa na mwandiko mzuri, akampa na kazi ya kuandika lebo. Miaka ikapita. Baba yake mzazi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, hivyo siku ya ndoa yake ni Mwalimu aliyesimama kama baba. Na kufikia mwaka wa thelathini na moja wa kazi, ungempa Bi Sindano kipande cha jani lisilo na ua wala tunda, akalinusa, akaligeuza, akakutajia ukoo wake na mara nyingi jina lake kamili.

Mwalimu alishastaafu. Aliyemrithi ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye kibao cha "Daktari" mlangoni, kibao ambacho siku moja kilimwingiza mama mmoja na mtoto anayekohoa. Daktari wa majani akawaonyesha njia ya zahanati. Yeye na Bi Sindano, kwa miaka tisa, walikuwa wakitengeneza orodha ya mimea yote ya mkoa ule yenye mishipa ya kupitishia maji ndani ya shina: kuanzia makangaga ya vijitoni, mimea isiyotoa ua wala mbegu, na nyasi za barabarani hadi miti isiyokumbatika na watu watatu. Walifikia aina elfu mbili mia moja na arobaini na sita. Jumatatu kitabu kilitakiwa kwa mpiga chapa.

Alhamisi asubuhi Daktari alichungulia mlangoni.

"Bi Sindano, zimebaki karatasi kumi na moja hazijapigwa picha. Yale makangaga ya kileleni."

Hapakuwa na mtu pale asiyeyajua makangaga ya kileleni. Yalikuwa fahari ya jumba. Mwalimu aliyakusanya juu ya mlima miaka thelathini iliyopita, aina kumi na moja ambazo hazikuwahi kuonekana kwingine nchini, na kwa ajili yake msitu wote wa mlima ule ulipigwa marufuku kukatwa. Watoto wa shule walikuja kuoneshwa kabati tu, bila kufunguliwa.

Bi Sindano alitandaza karatasi ya kwanza chini ya kamera. Gundi ya zamani ilikuwa imechoka, na alipoinyanyua karatasi, kishungi cha mizizi kikaachia. Chembe chache zikaanguka mezani. Alitaka kuzipangusa kwa kiganja, kama alivyopangusa udongo wa maelfu ya mimea. Mkono ukasita hewani.

Chembe moja ilikuwa nyekundu.

Aliichukua kwa kibano, akaiweka chini ya lenzi. Tofali. Pembeni yake ganda la mpunga lililounguzwa, jeusi, umbo lake halijapotea. Kilele cha mlima ule ni mwamba na udongo mweusi wa majani yaliyooza. Hakuna tofali huko wala mpunga. Alifungua ya pili, akachokoa mizizi kwa ncha ya sindano: tofali na maganda. Ya tatu hivyo hivyo. Alipofika ya sita, akavuta stuli na kukaa.

Mchanganyiko ule aliujua. Aliuponda yeye mwenyewe. Mwaka wake wa kwanza, kila Jumamosi alikwenda kumsaidia mke wa Mwalimu kwenye kitalu kidogo cha kivuli nyuma ya nyumba yao. Kazi yake ilikuwa kuvunja matofali kwa nyundo na kuyachanganya na maganda yaliyounguzwa, kwa ajili ya vyungu vya mimea ambayo Mwalimu alisema ni zawadi za marafiki wa ng'ambo. Makangaga. Alikuwa akiyamwagilia kwa kopo lililotobolewa matundu.

Akazitazama lebo, na hapo ndipo alipopigwa na butwaa la pili. Mwandiko ulikuwa wake, ule wa usichana, herufi zimesimama wima kama wanafunzi mstarini. Mwalimu alitaja, yeye akaandika: kilele, upande wa mashariki, kwenye ufa wa mwamba. Kubandika hakumwachia. "Haya nitayabandika mwenyewe," alisema, naye msichana alidhani ni heshima ya mimea adimu.

Karatasi ya kumi na moja hakutaka kuifungua, maana alikumbuka. Aliifungua. Penye wakusanyaji palikuwa na majina mawili, la Mwalimu na la kwake. Alivyofurahi siku ile! Alimwambia mama yake, mama akautangazia mtaa mzima kwamba mwanangu kapanda mlima. Hakuwa amepanda. Hakuwa amefika hata chini yake. Alijua hivyo wakati anaandika, akaandika.

Daktari alimkuta amekaa vile vile.

"Unaumwa?"

"Sijambo. Naomba ruhusa ya kesho asubuhi."

Usiku huo chakula kilimshinda. Mumewe, fundi redio, mtu wa maneno machache, aliuliza mara moja tu, akajibiwa "kazi", akaacha.

Asubuhi alibisha hodi kwa Mwalimu. Mzee alikuwa barazani na gazeti, miguu ameifunika blanketi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepauka hivyo? Mama, mletee mwanao chai!"

Bi Sindano hakungoja chai. Alitoa bahasha ndogo mkobani, akaimwaga juu ya gazeti. Njia nzima alikuwa ameomba Mungu mzee ashangae, aulize hivi ni vitu gani, akasirike, amfukuze hata. Mwalimu aliinama, akazitazama zile chembe kwa muda.

"Haya yametoka kwenye lipi?" akauliza.

Mtu asiye na kosa haulizi hivyo.

"Yote, Mwalimu."

"Nilipaswa kuyaosha vizuri zaidi." Akakunja gazeti taratibu, chembe zisimwagike. "Nilikuwa na haraka. Kampuni ya mbao ilishapewa ramani, kamati ya misitu ilikuwa inakaa baada ya wiki tatu. Nimewaandikia juu ya chemchemi, hawakujibu. Nimewaandikia juu ya maporomoko, hawakujibu. Nikawaandikia kuna makangaga kumi na moja yasiyopatikana popote nchini, wakaja na magari manne kuniuliza nataka wafanye nini! Mlima umesimama miaka thelathini, mwanangu. Nilidanganya karatasi. Nani kaumia?"

"Kilele ulifika?"

"Nilifika mara mbili. Mwamba mtupu na mawingu. Pazuri sana."

"Na jina langu?"

Mzee akalikunja gazeti mara ya pili. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sinia, chai inamwagika kwenye visahani bila yeye kujua.

"Mwambie," alisema yule mama. "Umeanza, maliza."

"Nilitaka uwe na kitu chako," Mwalimu alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Na nilijua wewe ndiye unayeponda matofali. Siku ukigundua, ukikuta na jina lako limo, utanyamaza."

Bi Sindano alifunga mkoba wake. Mtu aliyemtoa kwenye ufagio, aliyemshika mkono siku ya ndoa, alikuwa amemfunga kamba miaka yote hiyo, na kamba yenyewe alikuwa ameivaa kama mkufu. Aliondoka bila kuaga. Alifika kituo cha basi ndipo akagundua amevaa kandambili za mwenye nyumba, viatu vyake kaviacha barazani.

Kunyamaza angeweza. Jumatatu kitabu kingekwenda, mlima ungebaki na miti yake, jina lake lingebaki. Aliliwaza hilo kwa dhati, yeye si malaika. Lakini alifikiria aina elfu mbili na zaidi alizozipitia moja moja kwa lenzi. Mtu akija kugundua zile kumi na moja, ataziamini vipi zilizobaki? Aliingia ofisini kwa Daktari na kandambili zake, akafunga mlango, akaeleza mwanzo mpaka mwisho, na la jina lake hakulificha.

Daktari alikaa sakafuni. Si kwenye kiti, sakafuni, mgongo kwenye kabati.

"Nimeandika shahada yangu juu ya makangaga yale," alisema. Baadaye kidogo akasema, "Unajua kitakachoupata ule msitu?"

"Najua."

"Na bado umenijia."

"Ningekwenda kwa nani?"

Daktari alimpigia mpiga chapa, akaomba miezi miwili. Wiki ya pili walipanda mlima wawili hao pamoja na mlinzi wa msitu, mtu aliyezaliwa bondeni pale. Bi Sindano alipanda kwa fimbo na kwa matusi ya chinichini, akiwa na miaka hamsini na magoti ya mtu wa kukaa. Siku nne walipekua nyufa zote za upande wa mashariki, kisha wa magharibi. Walihesabu aina hamsini na nane za makangaga, zote za kawaida. Zile kumi na moja hazikuwepo hata moja. Mlinzi alioneshwa picha.

"Haya? Mbona ni maua ya sebuleni haya."

Bi Sindano alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile, kicheko kibaya kilichoishia machozini, na Daktari akamwacha amalize.

Mwalimu alitia saini maelezo yake bila ubishi. Aliyasoma, akasahihisha makosa mawili ya sarufi, akaandika jina. Kwa Bi Sindano hakutuma neno. Mkewe ndiye aliyevirudisha vile viatu, vimefungwa gazetini, akakaa nusu saa kwenye karakana anatazama watu wakishona majani. "Simtetei," alisema alipoinuka. "Ila amezeeka ndani ya wiki moja." Kitabu kilitoka na aina elfu mbili mia moja na thelathini na tano, na ukurasa mmoja wa kueleza zilizotolewa na kwa nini. Humo Daktari alitaka kuandika kwamba msaidizi alidanganywa. Bi Sindano alikataa. "Andika kwamba niliandika lebo ya mahali nisipofika," alisema, na ikaandikwa.

Kamati ilikaa. Nusu ya juu ya mlima ilibaki na marufuku yake, safari hii kwa ajili ya chemchemi zilezile ambazo hakuna aliyezijali miaka thelathini nyuma. Nusu ya chini ilifunguliwa. Habari ilimkuta Bi Sindano amebana uzi kwa meno. Alidhani alikuwa ameshajiandaa kwa lolote, kumbe bado. Sindano ikamtoka mkononi, na mwenzake wa meza ya pili akadhani kajichoma.

"Ni mimi," alimwambia mumewe jioni. "Nimeukata kwa mdomo wangu."

Mumewe alizima redio aliyokuwa akiitengeneza. "Watakaokata ni wenye misumeno," alisema. Haikumsaidia sana, lakini aliishika.

Mwezi mmoja kabla ya miti kukatwa, yeye na Daktari walihamia bondeni na mbao za kubania na marobota ya magazeti ya zamani, wakakusanya mteremko wa chini kipande kwa kipande, kila kitu, hata magugu. Siku ya mwisho ya kibali chao cha kukusanya, msimamizi wa wakata miti, bonge la mtu lenye kofia ya chuma, alikuja na rangi nyekundu ya kutia alama. Akawakuta wamepiga magoti kwenye matope.

"Mnatafuta nini, mama zangu?"

"Kila kilichopo," alijibu Bi Sindano.

"Hata hivi vijani?"

"Hata hivyo. Hicho ulichokanyaga pia."

Yule bwana aliruka pembeni kama aliyekanyaga makaa. Akatazama chini ya buti lake, akatazama ule mteremko unaoshuka mpaka kijitoni, akatazama tena vile vijani.

"Mmefika wapi?"

"Bado kule kwenye maji."

Alijikuna shingo. Akafunika kopo lake la rangi. "Mashine zinachelewa siku mbili," alisema, ingawa zilikuwa zimeshapangwa nyuma yake, zinaonekana. "Siku mbili tu lakini."

Bi Sindano alishukuru, akajizoazoa kutoka matopeni, akaanza kushuka kuelekea kwenye maji.