Madigadi Si Ngazi

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hunirudia kila ninaposhika spana. Nitakusimulia polepole, maana hata kuandika naandika polepole, na jambo lenyewe halitaki mbio.

Nilikuwa kijana niliyemaliza darasa la saba Ijumbi, nikaja Rwamishenye kujifunza ufundi wa malori. Mikono yangu ilikuwa myepesi, lakini mdomo ulikuwa mzito. Nyumbani nilifundishwa kwamba mtoto mwenye adabu hamsahihishi mzee. Akiambiwa neno, anainamisha macho na kusema, "Ndiyo, waitu," neno letu la kumheshimu mkubwa. Somo hilo nililishika vizuri. Labda nililishika kupita kiasi.

Wiki hiyo fundi wangu mkuu alikuwa amekwenda kuzika kwao, akaniachia gereji. Siku ya pili likaingia lori la Ma Justina, kichwa kikubwa chenye tela la chini la kubebea mitambo. Ma Justina alikuwa mjane, na lori lile aliachiwa na mumewe. Aliyeliendesha ni Ta Kaijage, mzee mrefu mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara.

"Fundi yuko wapi?" Ta Kaijage aliuliza akiwa bado juu ya usukani.

"Yuko msibani, waitu."

"Na wewe ni nani?"

"Ni mimi, waitu."

"Kila mtu ni mimi! Hata mbuzi wangu akijibu atasema ni mimi. Huna jina?"

Nikamtajia jina langu nikiangalia viatu vyangu. Ma Justina akashuka, akanionyesha matairi ya nyuma ya kile kichwa. Hayakuwa na kitu juu yake. Madigadi, yale mabamba yanayofunika tairi lisirushe tope na mawe, yalikuwa ya chuma, yakaliwa na kutu hadi yakadondoka njiani, moja Kagoma na jingine hakuna ajuaye wapi. Na juma lililopita tairi lilirusha jiwe likapasua kioo cha gari lililokuwa nyuma.

"Mwanangu," Ma Justina akasema, "wajenzi wa barabara kule Muleba wako tayari kunipa kazi ya kuhamisha mitambo yao. Lakini msimamizi wao amesema lori lisilo na madigadi halikanyagi kwenye eneo lake. Jumatatu asubuhi analikagua. Likikataliwa, wanachukua la mtu mwingine, na shemeji zangu watapata sababu ya kuliuza. Tayari wananiambia mwanamke hawezi lori." Akaupiga mlango wa lori kwa kiganja, kama mtu anayempigapiga ng'ombe. "Wengine wana migomba na kahawa. Mimi kibanja changu ni hiki."

Nikasema, "Ndiyo, waitu." Ningeweza kusema nini kingine?

Tulikwenda dukani sote watatu. Ma Justina alitaka tena ya chuma, kwa sababu ndiyo aliyoyazoea. Muuzaji akasema siku hizi watu wa malori makubwa wanafunga ya plastiki. Hayashiki kutu, ni mepesi, na yakigonga jiwe yanapinda na kurudi, wakati chuma kikibonyea kinaweza kugeuka kisu cha kukata tairi. Hapo alisema kweli. Lakini aliyotutolea kwanza yalikuwa membamba yanayong'aa. Nikashika ukingo wa moja nikalikunja kidogo. Pale lilipojikunja pakatokea mstari mweupe. Plastiki ikionyesha mstari mweupe namna hiyo, mwanangu, ujue haitavumilia barabara yetu. Leo ni mstari, kesho ni ufa.

Sikusema. Nilimwonyesha Ma Justina ule mstari kwa kidole, kisha nikanyoosha kidole kwenye yale meusi mazito yaliyokuwa chini, yasiyo na uzuri wowote.

"Kijana wenu ni bubu?" muuzaji akauliza.

"Si bubu," Ta Kaijage akajibu. "Maneno yake anayaweka akiba, atayala kiangazi."

Tulichukua yale mazito. Nilipima upana wake yafunike matairi pacha yote mawili, maana lililo nje likibaki wazi ndilo litakalorusha. Nikachagua pia kila tairi liwe na lake, badala ya lile refu linalofunika matairi mawili kwa pamoja. Barabarani moja likivunjika unabadilisha hilo moja, mengine yanaendelea na safari.

Kufunga kulianza vizuri. Plastiki hutobolewa taratibu, na tundu huwa kubwa kidogo kuliko bolti, kwa sababu jua likiwaka inatanuka na baridi ikija inanywea. Chini ya nati unaweka washa pana, kile kibati cha duara chenye tundu, na kipande cha mpira, unakaza hadi ishike, si hadi ilie. Kazi hiyo niliipenda. Nilisogeza madigadi yakakaribia tairi kabisa, yakapendeza kama kofia iliyomkaa mtu sawasawa.

Ta Kaijage alikuwa ameketi juu ya tairi bovu akimenya ndizi. Akatazama, akaacha kumenya.

"Fundi Akiba, lori hili limeshiba au lina njaa?"

Sikuelewa.

"Tela ni tupu. Lina njaa. Sasa wewe unampima mkanda mtu mwenye njaa. Akishakaa kwenye karamu na kushushia ndizi zake, mkanda utakuwaje?"

Nikaelewa. Lori likibeba, springi zinalala na tairi linapanda. Nafasi ninayoiona sasa si nafasi itakayokuwapo likiwa na mzigo. Nikasema, "Ndiyo, waitu," nikaanza kulegeza bolti zote. Hakunicheka. Alinikatia nusu ya ndizi yake tu.

Tukakubaliana kulipima likiwa limeshiba. Kagoma kulikuwa na tingatinga lililomaliza kusawazisha kiwanja, na Ta Kaijage alikuwa amekwisha kuahidi kulirudisha mjini. Jumamosi tukaondoka, madigadi yakiwa yameshikizwa tu, nami nimepakata spana kama mama aliyepakata mtoto mchanga.

Kagoma tulikuta mvua imetoka kupita na udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Vijana wapakiaji wa ndizi waliacha mikungu yao wakaja kutazama. Tingatinga likapanda taratibu kwenye tela, lori likaguna, likalala. Nikaingiza kiganja kati ya tairi na madigadi. Kwa kipimo changu cha kwanza tairi lingekuwa linasaga plastiki sasa hivi. Nikapandisha mikono ya chuma inayoyashikilia, nikapima tena, nikakaza. Kiganja kilipita bila kubanwa, na nafasi ya ziada ikabaki kwa ajili ya mashimo.

Ta Kaijage alifurahi. Akataka kuona kama minyororo ya kufungia tingatinga imekaa vizuri kwenye shingo ya tela, pale mbele linaposhikana na kichwa. Na hapo, mwanangu, akafanya alilolifanya maisha yake yote ya udereva, na wanalolifanya madereva wote wa kwetu pamoja na wapakiaji wa ndizi. Alishika chuma cha nyuma ya kibanda cha dereva, akainua mguu ili apandie juu ya madigadi.

Ya chuma yalimzoeza. Ya plastiki ni ya kuzuia tope. Hayakuumbwa kubeba mtu. Na buti lake lilikuwa na udongo wa kuteleza, na chini yake, kati ya tairi na shingo ya tela, kulikuwa na vyuma vitupu.

Nikasema, "Waitu." Tingatinga lilikuwa bado linanguruma. Hakusikia.

Nikasema, "Waitu, usikanyage hapo." Nafikiri nililisema hilo kwa kola ya shati langu.

Buti likatua. Nikaona plastiki inazama, na mwili wake mzima unaanza kuufuata mguu ule.

"Kaijage! Shuka!"

Sauti ilitoka, nami mwenyewe sikuijua. Alijivuta kwa mikono miwili kwenye kile chuma, akaning'inia, kisha akajirusha upande wa udongo na kutua kwa miguu. Madigadi yakarudi juu kama hayakuona kitu. Mwenye tingatinga akazima injini.

Nilikuwa nimemwita mzee kwa jina tupu, bila Ta, mbele ya watu, huku nikimwamuru. Kwetu hata mlevi hafanyi hivyo.

"Yoo!" mpakiaji mmoja akasema. "Amemwita mzee kama anayefukuza kuku!"

"Huyo hajalelewa, amefugwa," mwingine akaongeza, wakacheka.

Nilipiga goti kwenye tope. "Nisamehe, waitu. Nisamehe, Ta Kaijage."

Akanitazama huku anapumua kwa nguvu. Kicheko chake hakikuwapo. "Inuka. Mara ya kwanza ulisema nini?"

"Nilisema waitu."

"Sikusikia. Mara ya pili?"

"Nilisema, waitu, usikanyage hapo."

"Sikusikia. Ya tatu ndiyo niliyoisikia." Akasogea karibu. "Sasa niambie, kati ya hayo matatu, lipi lilikuwa na heshima?"

Niliinuka, tope likiwa bado gotini.

"Hayo mawili ya kwanza yangenizika. Ungenizika kwa adabu kabisa, na kwenye kwaya ungeimba, sauti ya nne. Nikiwa kaburini ningefanyia nini hiyo waitu yako?" Akawageukia wale vijana. "Na ninyi mnaocheka, mliona mguu wangu unakwenda wapi? Mliona. Nani alifungua mdomo?"

Wakaacha kucheka. Mmoja akajifanya anahesabu mikungu.

Nilidhani yameisha. Hayakuwa yameisha. Ta Kaijage alirudi akasimama mbele ya tairi, akaupapasa ule weusi wa madigadi kwa kiganja.

"Haya, Fundi Akiba. Umenikataza kukanyaga hapa, nami nimekubali. Nikanyage wapi?"

Nikatazama. Hapakuwa na mahali. Ngazi ya lori ilikuwa mbele, kwenye mlango. Nyuma kila mtu alikuwa akitumia madigadi.

"Mimi lazima nipande," akasema. "Nisipopanda minyororo haikaguliwi. Kesho atapanda utingo, keshokutwa mtu mwingine ambaye wewe hutakuwapo kumpigia kelele. Kukataza ni nusu ya kazi, mwana wange. Ukimwambia mtu usikanyage hapa, mwonyeshe pa kukanyaga."

Tuliporudi Rwamishenye sikupumzika. Nilitafuta bamba la chuma lenye michoro ya kuzuia kuteleza, nikakata vipande viwili, nikavifunga kimoja kila upande wa lori, mbele kidogo ya tairi la kwanza la nyuma, kwa kutumia matundu yaliyokuwapo tayari kwenye chesisi. Chesisi haitobolewi ovyo wala kuchomelewa ovyo, huo ni uti wa mgongo wa lori. Nikazipaka ngazi zile rangi ya njano ili hata anayepanda kwa haraka aone njia. Ta Kaijage alikuja kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, kama mtoto. Alipotosheka akaniita nami nipande. Tukasimama huko juu pamoja bila sababu yoyote.

Jumatatu msimamizi wa barabara alizunguka lori akiwa na buti zake ndefu. Alilisukuma kila digadi kwa mkono, akachungulia nafasi ya tairi. Kisha akauliza, "Watu wako wanapandia wapi? Hizi plastiki wamezivunja kwenye malori mawili hapa kwa kuzikanyaga."

Ma Justina akanitazama. Ta Kaijage akanitazama. Wote wawili walikuwa wanajua jibu, na wote wawili wakanyamaza makusudi.

"Hapa, waitu," nikasema. Nikaisikia sauti yangu. Naye akaisikia. Nikanyoosha mkono kwenye ngazi ya njano, nikapanda mwenyewe, nikashuka.

"Ingizeni lori," akasema.

Ma Justina hakupiga kelele. Alifungua pochi, akatoa kikaratasi alichofungia kahawa ya kutafuna, zile punje ambazo nyumbani kwetu hupewa mgeni wa heshima au mtu mzima mwenzako. Akanimiminia kiganjani mbele ya watu wote, akamimina na kwa Ta Kaijage. Nikatafuna. Ni chungu kidogo mwanzoni, unajua. Lori lile bado ni lake hadi leo, na wale shemeji sasa humwomba lifti.

Mwanangu, wewe nawe naona umerithi ukimya. Sikulaumu. Ukimya una mahali pake, na wanaosema sana hawasikii lori likiguna. Waheshimu wazee, piga goti, sema waitu, usiache hata siku moja. Lakini wahenga walisema heshima si utumwa, nami naongeza kwamba heshima si kumtazama mtu akianguka. Ukiona hatari, sema mpaka usikike. Ukikosea namna ya kusema, msamaha utauomba baadaye, na mwenye kukusamehe atakuwa hai kukusamehe. Ukipima jambo lolote, iwe lori, iwe ndoa, iwe urafiki, lipime likiwa limebeba mzigo wake. Na ukimkataza mtu njia aliyoizoea, usimwache hewani. Tafuta chuma, kata, funga, paka rangi, umwonyeshe pa kuweka mguu.

Mungu akupe mikono mizuri na sauti ya kuifuata mikono hiyo. Akupe wazee wa kukukemea bila kukuvunja. Uwafungulie watu njia kila utakapopita, na watakaopanda kwa kazi yako washuke salama, warudi nyumbani kwao. Nenda, mwanangu, ukiwa na baraka zangu zote.